Mfumo mdogo wa muziki wa kompyuta

Mfumo mdogo wa muziki wa kompyuta ni mkusanyiko wa vifaa vya kusikilizia muziki ambamo kompyuta imechukua nafasi ya santuri, kaseti na kicheza CD. Vifaa vyake vyote hutosha juu ya meza au rafu moja. Kwa kawaida mfumo huwa na sehemu tano: hifadhi ya faili za muziki, kompyuta yenye programu ya kuzicheza, kigeuzi kinachobadilisha namba kuwa mkondo wa umeme, amplifaya inayoukuza mkondo huo, na jozi ya spika au hedifoni zinazoubadilisha mkondo kuwa sauti.

Mfumo wa namna hii unaweza kujengwa kwa gharama ndogo kwa sababu kompyuta au simu mara nyingi ipo tayari nyumbani, na vipuri vya kidijitali vimeshuka bei sana tangu miaka ya 1990. Bei ya spika haikushuka kwa kiasi hicho, kwa kuwa spika ni chombo cha kimakanika kinachohitaji sumaku, waya wa shaba na sanduku imara. Kwa hiyo, kwa mtu mwenye fedha chache, jambo muhimu ni kujua sehemu ipi inaathiri sauti zaidi, ili fedha zielekezwe huko.

Historia

Msingi wa mfumo huu uliwekwa na CD, iliyobuniwa na kampuni za Sony ya Japani na Philips ya Uholanzi na kuanza kuuzwa nchini Japani mnamo Oktoba 1982. Ndani ya CD muziki umeandikwa kama orodha ndefu ya namba. Kushughulikia namba ndiyo kazi ya kompyuta, lakini kompyuta za miaka ya 1980 hazikuwa na nafasi ya kutosha: dakika moja ya muziki wa CD huhitaji takriban megabaiti 10.6.

Tatizo hilo lilipunguzwa na MP3, aina ya faili iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya watafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg. Kiwango chake kilichapishwa mwaka 1993. Baadaye diski kuu zilipokuwa kubwa na rahisi, kubana muziki kwa nguvu hakukuwa lazima tena. Mwaka 2001 lilitolewa toleo la kwanza kamili la FLAC, aina ya faili iliyobuniwa na Josh Coalson, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote na ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo.

Kwa upande wa spika, hatua kubwa ilitokea Marekani mwaka 1954. Edgar Villchur na Henry Kloss, waanzilishi wa kampuni ya Acoustic Research, walitoa spika iliyotumia hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku kama springi ya kurudisha utando mahali pake. Kabla ya hapo besi nzito ilihitaji sanduku kubwa kama kabati. Baada ya hapo spika ya kuwekwa kwenye rafu iliweza kutoa besi ya kuridhisha.

Mnamo Februari 2012 ilianza kuuzwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki. Ilibuniwa nchini Uingereza kwa ajili ya kufundishia wanafunzi, na toleo lake la kwanza liliuzwa dola 35 za Marekani. Wapenzi wa muziki waliitumia mapema kwa sababu haina feni, hutumia umeme kidogo na inaweza kuwashwa siku nzima.

Jinsi sauti inavyogeuzwa kuwa namba

Sauti ni mabadiliko ya shinikizo la hewa. Maikrofoni huyageuza kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka, kisha kifaa cha kurekodia huupima mkondo huo mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kipimo kimoja huitwa sampuli. CD hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila sampuli huandikwa kwa biti 16.

Namba hizo hazikuchaguliwa ovyo. Nadharia ya sampuli, inayohusishwa na Harry Nyquist na Claude Shannon, inaonyesha kwamba ili kulirekodi wimbi kikamilifu ni lazima lipimwe kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000, na uwezo wa kusikia masafa ya juu hupungua kadiri umri unavyoongezeka. Sampuli 44,100 kwa sekunde hutosha kwa masafa hadi hezi 22,050. Biti 16 hutoa tofauti ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, na tofauti hiyo ni pana kuliko ile inayopatikana katika chumba cha kawaida chenye kelele za barabarani, feni na majirani.

Faili zenye sampuli 96,000 au 192,000 kwa sekunde huuzwa kwa bei ya juu zaidi na huhitaji nafasi kubwa zaidi. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya majaribio katika jarida la jumuiya ya wahandisi wa sauti ya Marekani. Wasikilizaji waliombwa kutofautisha rekodi za ubora wa juu na rekodi hizohizo zilizopitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kuambiwa ipi ni ipi. Katika majaribio 554 walipatia mara 276, yaani karibu sawa na kurusha sarafu. Kwa mwenye bajeti ndogo, hii ina maana kwamba kiwango cha CD kinatosha, na fedha za ziada zina matumizi bora kwingine.

Faili za muziki

Kuna makundi matatu ya faili za muziki. La kwanza ni faili zisizobanwa, kama WAV. La pili ni zile zilizobanwa bila kupoteza kitu, kama FLAC. Zikifunguliwa, namba zilezile za awali hurudi zote. La tatu ni zile zilizobanwa kwa kutupa sehemu ambazo sikio halitazamiwi kuzisikia, kama MP3, AAC, Vorbis na Opus.

Tofauti ya nafasi inaweza kuonyeshwa kwa kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64:
* WAV ya kiwango cha CD: takriban saa 100 za muziki.
* FLAC, ikiwa imebana hadi asilimia 60 ya ukubwa wa awali: takriban saa 170.
* MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde: takriban saa 440.

MP3 ya kilobiti 320 ni vigumu kwa watu wengi kuitofautisha na CD. Faida kubwa ya FLAC ni uhifadhi: kutoka kwenye FLAC mtu anaweza kutengeneza faili ndogo za simu wakati wowote, lakini kilichotupwa na MP3 hakirudi. Kubadilisha MP3 kuwa FLAC huongeza ukubwa wa faili tu, si ubora wake. Vivyo hivyo, kubadilisha MP3 moja kuwa MP3 nyingine hupoteza zaidi kila mara, na ndiyo sababu nyimbo zilizopitia mikono mingi kwa njia ya flashi na simu mara nyingi husikika zikiwa hafifu, hasa kwenye matoazi na sauti za juu.

Huduma za kusikiliza mtandaoni huokoa nafasi lakini hula bando. Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 144 kwa saa. Anayesikiliza saa tatu kila siku hutumia karibu gigabaiti 13 kwa mwezi. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo intaneti hulipiwa kwa kiasi kinachotumika, faili zilizohifadhiwa nyumbani huwa nafuu zaidi kwa muda mrefu.

Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya muziki wa miaka ya 1980 na 1990, ukiwemo taarabu na muziki wa dansi, iliuzwa kwa kaseti, na baadhi haijawahi kutolewa kwa njia nyingine. Utepe wa kaseti huharibika kwa joto, unyevu na ukungu. Kompyuta ya mfumo wa muziki inaweza kutumika kuokoa rekodi hizo kwa programu huria ya Audacity: redio kaseti huunganishwa kwenye kompyuta kwa waya, kaseti huchezwa mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na sauti huhifadhiwa kama FLAC. Kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja tu la hedifoni na maikrofoni, ambalo hurekodi upande mmoja pekee. Hizo huhitaji kifaa kidogo cha USB chenye tundu la kuingizia sauti za pande zote mbili.

Faili ambazo haziwezi kupatikana tena zinapaswa kuwa na nakala mbili, kwenye vifaa viwili tofauti, kwa kuwa diski na flashi hufa bila kutoa taarifa.

Kompyuta na programu

Kucheza muziki ni kazi nyepesi kwa kompyuta. Kompyuta mpakato ya zamani iliyochoka kwa kazi za ofisini bado inaweza kucheza FLAC bila shida yoyote, hata kama skrini yake imepasuka au betri yake imekufa. Kasoro yake kubwa huwa ni kelele za feni, ambazo mara nyingi hupungua baada ya kusafisha vumbi.

Kati ya programu zinazotumika sana, VLC ilianza kama mradi wa wanafunzi karibu na Paris mwaka 1996 na hufanya kazi karibu kwenye kila aina ya kompyuta. foobar2000 hutumika kwenye Windows na hupanga vizuri maktaba kubwa. Kwenye Linux kuna MPD, ambayo hucheza muziki bila kuhitaji skrini: kompyuta hukaa kwenye rafu, na msikilizaji huchagua wimbo kwa simu iliyounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani. Volumio na moOde ni mifumo iliyojengwa juu ya MPD kwa ajili ya Raspberry Pi. Hunakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha kila kitu huendeshwa kupitia kivinjari cha simu.

Wanaotumia Raspberry Pi wanapaswa kuangalia toleo. Matoleo ya 3 na 4 yana tundu la hedifoni, lakini sauti yake si safi sana; Raspberry Pi 5 na zile za familia ya Zero hazina tundu hilo kabisa. Kwa hiyo bei ya kigeuzi cha nje huwa sehemu ya gharama. Pia kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika. Ni salama zaidi kuweka muziki kwenye diski au flashi ya pembeni, ili kadi ikiharibika irekebishwe bila kupoteza nyimbo.

Kwenye kompyuta yoyote, mipangilio inayodai kuboresha sauti huzimwa kwanza, na milio ya taarifa hunyamazishwa. Sauti ya kompyuta huwekwa juu, kisha ukubwa hurekebishwa kwa kitufe cha amplifaya.

Kigeuzi cha sauti

Kigeuzi ni kifaa kinachosoma namba na kutoa mkondo wa umeme unaofuata umbo la wimbi la awali. Madukani hujulikana kama DAC. Kila simu na kompyuta yenye tundu la hedifoni ina kigeuzi ndani yake.

Vigeuzi vya kisasa vya bei ndogo vina makosa madogo kiasi kwamba ni nadra kusikika. Tatizo la kigeuzi cha ndani mara nyingi ni mahali kilipo: kimezungukwa na sakiti zinazowaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde, na kelele zake zinaweza kupenya kwenye sauti. Kipimo chake ni rahisi. Hedifoni au spika huunganishwa, muziki husimamishwa, kisha kipanya husogezwa na faili kubwa hunakiliwa. Kama hakuna mlio wala mchakarisho unaosikika, kigeuzi cha ndani kinatosha na hakuna haja ya kununua kingine.

Kama kelele zipo, kigeuzi kidogo cha USB huziondoa mara nyingi. Vile vidogo zaidi ni waya mfupi wenye plagi ya USB upande mmoja na tundu la hedifoni upande wa pili, kama vile vinavyouzwa kwa simu zisizo na tundu. Vingi havihitaji programu ya ziada. Bei ya waya wa USB haina athari kwa sauti mradi waya ufanye kazi, kwa kuwa kinachopita humo ni namba.

Bluetooth nayo hutumika, lakini huubana muziki upya kabla ya kuurusha na huchelewesha sauti kidogo. Kwa kusikiliza wakati wa kupika au kufanya usafi kasoro hiyo ni ndogo.

Amplifaya

Mkondo unaotoka kwenye kigeuzi ni mdogo mno kusukuma spika. Kazi ya amplifaya ni kuukuza. Amplifaya nyingi ndogo za sasa ni za daraja D. Badala ya kupitisha umeme kwa kuupunguza, huuwasha na kuuzima kwa kasi kubwa, na nguvu nyingi hufika kwenye spika badala ya kupotea kama joto. Ndiyo maana amplifaya yenye ukubwa wa kiganja inaweza kufanya kazi iliyohitaji sanduku zito miaka ya 1970.

Wati zinazohitajika ni chache kuliko watu wengi wanavyodhani. Spika yenye unyetifu wa desibeli 86 hutoa sauti ya kiwango hicho ikipewa wati 1 na kusikilizwa kutoka umbali wa mita 1. Hiyo tayari ni sauti kubwa. Kila nguvu ikiongezwa mara mbili sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu zinahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa mezani, wati 10 hadi 20 kwa kila upande hutosha.

Mnunuzi anapaswa kujihadhari na namba zilizochapishwa kwenye maboksi. Alama ya PMPO, inayoonekana sana kwenye sabufa na redio za bei nafuu, haina kiwango kinachokubalika cha kuipima, na ndiyo sababu redio ndogo hudai kuwa na maelfu ya wati. Alama ya RMS ina maana zaidi. Njia nyingine ya kuhakiki ni kusoma chaja: volti zikizidishwa kwa ampea hutoa wati za juu kabisa zinazoweza kuingia. Amplifaya inayokuja na chaja ya volti 12 na ampea 2 haiwezi kutoa kwa mfululizo zaidi ya wati 24 kwa pande zote mbili kwa pamoja, hata kama boksi limeandikwa wati 100.

Amplifaya nyingi za aina hii hukubali umeme wa volti 12 hadi 24. Hizo zinaweza kutumia chaja ya zamani ya kompyuta mpakato ya volti 19, mradi plagi ilingane na upande wa chanya na hasi uhakikishwe kwanza.

Spika

Spika ndiyo sehemu inayobadilisha sauti kuliko zote. Spika mbili za bei moja zinaweza kutofautiana kwa kiwango ambacho mtu yeyote hukisikia mara moja, jambo ambalo ni nadra kwa vigeuzi au amplifaya mbili zinazofanya kazi vizuri.

Ukubwa wa spika hufungamana na sheria ya kimaumbile inayoitwa kwa jina la Hofmann. Kuna mambo matatu yanayotamaniwa: sanduku dogo, besi ya chini na sauti kubwa kwa wati chache. Mtengenezaji anaweza kupata mawili, lakini la tatu lazima alipoteze. Spika ndogo inayodai yote matatu kwa bei rahisi huwa imeongezewa besi ya katikati, ile inayovuma na kufunika sauti ya mwimbaji.

Chaguo kuu ni tatu. Spika zenye amplifaya ndani yake huunganishwa moja kwa moja na kompyuta na ndizo rahisi zaidi kufunga. Spika za kawaida zisizo na amplifaya zina faida kwamba kila sehemu inaweza kubadilishwa peke yake. Mfumo wa sabufa wenye spika mbili ndogo hutoa besi nyingi kwa bei ndogo, lakini mara nyingi spika zake ndogo hazina wufa za kutosha kutoa vizuri sauti za kati, ambako ndiko iliko sauti ya binadamu, gitaa na udi.

Spika zilizotumika ni njia nzuri ya kupata ubora kwa fedha chache, kwa kuwa spika iliyotunzwa hudumu miongo kadhaa. Kabla ya kununua huangaliwa mambo haya:
* Ukingo wa wufa. Ukingo wa sponji huoza baada ya miaka mingi na kumeguka ukiguswa. Ule wa mpira hudumu zaidi.
* Mwendo wa wufa. Ikisukumwa taratibu kwa vidole vya mikono miwili haipaswi kukwaruza.
* Uhai wa waya. Betri ya tochi ya volti 1.5 ikigusishwa kwa nukta moja kwenye vituo vya nyuma, wufa husogea na kutoa mlio mfupi.
* Twita. Hukaguliwa kwa kucheza wimbo wenye matoazi na kuweka sikio karibu, sauti ikiwa ndogo.

Waya wa umeme wa nyuzi mbili wenye unene wa milimita za mraba 1.5 hutosha kwa mita chache. La muhimu ni kwamba chanya iende kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, spika hushindana: besi hupungua na sauti ya mwimbaji hukosa mahali pa kutokea.

Mpangilio wa chumba

Kupanga spika vizuri hakugharimu chochote, lakini huleta mabadiliko yanayoweza kuzidi ya kununua kifaa kipya. Kanuni ya kawaida ni pembetatu iliyo sawa: umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali kutoka kila spika hadi kwa msikilizaji. Twita ziwe usawa wa masikio. Mezani spika huinuliwa au huelekezwa juu kidogo, vitabu viwili au kipande cha mbao kikitosha.

Ukuta na pembe za chumba huongeza besi. Spika ndogo zikisogezwa karibu na ukuta hupata msaada, ila zikizidi sauti huwa nzito na isiyoeleweka. Kuzisogeza sentimita kumi kumi na kusikiliza wimbo uleule ndiyo njia ya kupata mahali panapofaa.

Nyumba nyingi zina kuta za saruji na sakafu ngumu, na sauti hurudi mara nyingi kabla ya kufifia. Mazulia, mikeka minene, mapazia, makochi na rafu za vitabu hupunguza mwangwi huo. Trei za mayai, ambazo wengi huzibandika ukutani, hazizuii sauti kutoka nje na hufyonza kidogo tu. Besi haiathiriwi kabisa na vitu vyembamba: wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Njia rahisi ya kupunguza madhara ya chumba ni kukaa karibu na spika, na hapa mfumo wa mezani una faida kuliko ule wa sebuleni.

Umeme na mvumo

Mvumo wa chini usiokatika, hasa kompyuta mpakato ikiwa kwenye chaja, kwa kawaida hutokana na vifaa kuunganishwa na ardhi kwa njia zaidi ya moja. Kwanza chaja huchomolewa. Mvumo ukitoweka, chanzo kimejulikana. Kuunganisha vifaa vyote kwenye soketi moja ya waya wa nyongeza mara nyingi husaidia. Kukata au kuziba pini ya ardhi ya plagi hakufai kamwe, kwa kuwa pini hiyo huokoa maisha hitilafu ikitokea.

Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, kifaa cha kulinda umeme hununuliwa kabla ya amplifaya ya gharama.

Mgawanyo wa bajeti

Utaratibu unaofaa ni kununua kwa hatua na kuujaribu mfumo baada ya kila hatua.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha, au huhitaji kidogo: kompyuta au simu iliyopo, VLC, faili nzuri na hedifoni. Hedifoni za bei ya kati hutoa ubora ambao spika za bei hiyohiyo haziufikii, kwa kuwa hazina chumba cha kushindana nacho.

Hatua ya pili ni spika. Kwa anayeanza bila chochote isipokuwa kompyuta, nusu ya fedha au zaidi huenda kwenye spika, takriban robo kwenye amplifaya, na kinachobaki kwenye hifadhi, waya na, ikihitajika, kigeuzi. Akinunua spika zenye amplifaya ndani, karibu fedha zote huenda huko.

Hatua ya tatu ni starehe: Raspberry Pi ya kuwashwa muda wote, diski ya nakala, na kuendesha muziki kwa simu. Hatua hii haiongezi ubora wa sauti bali urahisi, kwa hiyo huja mwisho.

Usalama wa masikio

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Kila sauti inapopanda kwa desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 90 hubaki saa 4 hivi kwa wiki nzima. Usikivu uliopotea kwa sababu ya kelele haurudi. Mlio masikioni baada ya kusikiliza ni ishara kwamba sauti ilizidi. Mfumo uliopangwa vizuri hupunguza hatari hiyo, kwa sababu maneno ya mwimbaji na mapigo ya ngoma yakisikika wazi, hakuna haja ya kuongeza sauti ili kuyafuata.

Tazama pia
* CD
* Kompyuta
* MP3
* Raspberry Pi
* Sauti